Chatu wa Dulcie Aliyefunga Choo

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Dulcie Tranter huvuta kiti karibu na dirisha la jikoni, huweka simu mezani na kujifanya anasoma gazeti. Hasomi chochote. Anamsubiri mwanawe Garth apige kutoka upande wa pili wa nchi, Australia Magharibi, ambako anaendesha malori ya mgodini, yale ambayo tairi moja linampita mtu kimo. Garth si msemaji. Tangu utotoni maneno yake ni ya kuhesabu, na akipiga simu salamu yake haibadiliki.

"Mama. Neville hajambo?"

Neville ni chatu. Ni chatu wa huku huku Queensland, wa rangi ya kahawia na manjano iliyochanganyika kama zulia kuukuu, na ukimnyoosha sebuleni anaanzia mlangoni anafika kwenye televisheni na mkia bado unatafuta pa kwenda. Garth alimnunua akiwa mdogo wa kulala ndani ya soksi, enzi ambazo Garth mwenyewe alikuwa kijana wa nywele ndefu anayebeba magunia kwenye ghala la karanga. Kazi ya mgodini ilipopatikana, akamwachia mama yake sanduku la kioo, taa ya joto na ahadi. "Miezi miwili tu, mama. Nikipata nyumba nitakuja kumchukua." Nyumba alipata, akahama, akapata nyingine. Neville hakuchukuliwa. Dulcie hakuuliza, Garth hakutaja, miaka ikaenda zake.

Mtu asije akadhani Dulcie ni mwanamke wa mambo ya nyoka. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye kantini ya shule ya msingi pale mjini Wondai, akiuza mikate ya nyama na kuwatimua watoto waliojipenyeza kwenye foleni kwa mara ya pili. Aliolewa na Clarrie Tranter, mwanamume mwenye sauti tamu na miguu myepesi, ambaye asubuhi moja alikwenda Darwin kuangalia trekta. Trekta halijaonekana hadi leo, na Clarrie vivyo hivyo. Dulcie hakumlilia mbele ya watu. Alimlea mtoto peke yake, kwa mshahara wa kantini na mikate iliyobaki, na mtoto naye alipoondoka, nyumba ikabaki na wakazi wawili, yeye na yule wa kwenye kioo.

Sasa kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa na hakika kwamba Neville ndiye anayemfanya Garth apige simu. Habari za mvua hazimhusu kijana yule. Majirani amewasahau. Kanisani hakanyagi. Lakini mwambie Neville amejivua gamba zima bila kulichana, atasema, "Kweli?" na atakaa kwenye simu nusu saa nzima. Basi Dulcie akawa anaweka akiba ya habari za Neville wiki nzima. Neville amekula. Neville amegoma kula. Neville amepindua bakuli la maji. Habari zikipungua, aliongeza chumvi. Na kila alipomtazama mnyama yule anavyozeeka, swali lilikuwa moja tu kichwani mwake: huyu akifa, Garth atapiga simu aulize nini?

Mambo yalianza kuharibika mwishoni mwa mwezi wa tano, kabla baridi haijashika. Dulcie alikuwa na mazoea ambayo, tuseme ukweli, hayakuwa ya busara. Siku ya jua alimtoa Neville nje, akamlaza kwenye majani karibu na kamba ya nguo, aote jua huku yeye akianika. Chatu mzee, mzito, mvivu kupindukia, ataenda wapi? Siku hiyo alikwenda. Dulcie alianika shuka mbili, akageuka, majani matupu.

Alimtafuta chini ya nyumba, nyuma ya tangi la maji, kwenye marundo ya kuni, roho mkononi, asithubutu kumwita jirani. Alikuja kumkuta kwenye kichaka kilichoegemea ua wa Gwen Pollard, amejikunja, ametulia tuli, hana habari. Dulcie alimbeba mabegani akimgombeza njia nzima. Na kwa vile furaha ya kumpata ilimzidi, jioni hiyo alimtolea panya kwenye friji, akamyeyusha barafu kwa maji ya moto, akampa. Neville alimmeza bila swali.

Huyo Gwen Pollard ndiye jirani wa Dulcie tangu watoto wao wakiwa wananyonya. Wamegombana mara nyingi kuliko walivyopatana, lakini sahani za skonzi za boga hazijawahi kuacha kuvuka ua. Gwen anafuga kuku, naye hampendi Neville hata kwa dawa. Humwita bomba. "Lile bomba lako limefungiwa?" atauliza kabla hajaingia ndani. Ndiyo maana Dulcie hakumwambia kwamba siku ile bomba halikuwa limefungiwa.

Siku chache baadaye Gwen alikuja uani amekunja uso.

"Shoga, yule kenge mwizi wa mayai ameniweza," alisema. "Yai hakuchukua safari hii. Amechukua mpira."

"Mpira gani tena?"

"Mpira wangu wa gofu, wa kwenye kiota. Kenge mzima na akili zake anaiba mpira. Anaenda kucheza na nani?"

Huku kila mwenye kuku huweka mpira wa gofu kwenye kiota. Kuku akiuona hudhani mwenzake ameshataga hapo, naye anataga hapo hapo badala ya kwenda kuficha mayai vichakani. Dulcie alicheka kidogo, akasema kenge wa siku hizi wamezidi, akarudi zake ndani kumtazama Neville, ambaye alikuwa na uvimbe katikati ya mwili, wa yule panya, alivyojua yeye.

Kisha baridi ikaja, ile ya huku inayoacha majani meupe asubuhi. Siku moja Dulcie alikuwa klabuni anacheza tufe, mchezo wa wazee wa kuviringisha mipira mizito kwenye majani, akakawia kwa sababu timu yake ilishinda na chai ilikuwa nzuri. Aliporudi, balbu ya taa ya joto ilikuwa imeungua. Sanduku la kioo lilikuwa baridi, na Neville ndani yake baridi kama mpira wa kumwagilia bustani. Dulcie alibadilisha balbu. Kila anayefuga nyoka anajua kwamba tumbo la nyoka bila joto halifanyi kazi. Chakula kinalala humo humo, kinaoza.

Tangu siku hiyo, kila usiku alihesabu makosa yake badala ya kulala. Uvimbe haukusogea. Panya mwingine alipoletwa, Neville alimgeuzia kichwa. Choo hakuna. Dulcie alimwogesha kwa maji ya vuguvugu kwenye sinki la kufulia, maana ndiyo dawa ya kwanza wanayoitaja wote, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimpapasa tumbo taratibu. "Jikaze, baba," alimwambia. "Jikaze kidogo tu, yaishe." Neville alizunguka sinki, akanywa maji kidogo, akalaza kidevu ukingoni. Bwana mmoja wa duka la vyakula vya mifugo alimshauri ampe mafuta. Mwingine wa mtandaoni akasema asimpe kitu chochote, amwache. Dulcie alimwogesha tena.

Jumapili ikafika, na simu ikaita.

"Mama. Neville hajambo?"

"Hajambo kabisa," alisema Dulcie. "Amekula vizuri. Amelala."

"Nitumie picha yake basi."

Hilo hakulitegemea. Neville wa siku hizo hakuwa wa kupigwa picha. Macho yamefifia, ngozi imesinyaa, uvimbe uko pale pale. Dulcie alipekua simu, akapata picha ya zamani nzuri, akaituma.

"Mama, mbona nyuma kuna mapambo ya Krismasi?"

"Krismasi ya Julai," alisema Dulcie bila kupepesa. "Kila mtu anafanya siku hizi. Ile ya Desemba joto mno, nani atakula bata mzinga wa moto?"

"Wewe? Krismasi ya Julai?"

"Kwani mimi sina haki?"

"Sawa, mama," alisema Garth, na akaaga mapema kuliko kawaida yake. Dulcie alibaki na simu mkononi, akajiona mwongo, na mwongo asiyejua kazi.

Jumapili iliyofuata alidanganya tena, kwa maneno machache zaidi ili asikosee. Kesho yake asubuhi, alipomgusa Neville sinkini pale kwenye uvimbe, Neville aliinua kichwa akamfokea kwa pumzi kali. Miaka yote hiyo hakuwahi. Dulcie aliondoa mkono, akakaa kwenye ndoo yake chumba cha kufulia, akaanza kulia.

Gwen alimkuta hapo hapo, na sahani yake ya skonzi.

"Nani kafa?"

"Hajafa bado," alisema Dulcie.

Gwen alichungulia sinkini, akarudi nyuma hatua. "Bomba linaumwa?"

"Amefunga choo. Wiki nyingi sasa. Balbu iliungua nikiwa kwenye tufe, Gwen. Nilikuwa nakunywa chai huku yeye anaganda. Nimemuua."

"Umempeleka kwa daktari?"

"Niliogopa atakachoniambia."

Gwen alimvuta mkono akamwinua. Ni mwanamke ambaye hana upole wa maneno, lakini funguo za gari zilikuwa tayari mkononi. "Lete foronya," alisema. "Tena nene. Na ufunge mdomo wake mara mbili, maana bomba likitoka njiani mimi naruka na gari linaendelea."

Wakaondoka kwenda mjini Kingaroy, Neville ndani ya foronya, foronya ndani ya kapu, chupa ya maji ya moto pembeni yake, na Dulcie kiti cha nyuma akiwa amelikumbatia kapu. Gwen aliendesha huku jicho moja kwenye kioo cha nyuma, na si kwa ajili ya magari.

Daktari wa wanyama alikuwa Kirsten Baumann, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye siku nyingi hushinda na ng'ombe. Alipomwona Dulcie mlangoni alitabasamu.

"Mama Tranter wa kantini. Uliwahi kunitoa kwenye foleni nikilia."

"Ulikuwa umeshakula mikate miwili, Kirsten."

"Mitatu," alisema Kirsten. "Haya, tumwone mgonjwa."

Alimpokea Neville, akapitisha vidole taratibu kutoka shingoni kwenda chini mpaka kwenye uvimbe. Hapo akasimama, akarudi, akapitisha tena.

"Alikula nini mara ya mwisho?"

"Panya. Halafu baridi ikampata, taa ilizimika, ni kosa langu."

"Huyu si panya, mama. Kitu hiki ni kigumu, tena kimeviringana. Tumpige picha."

Picha ya eksirei ilipoonekana kwenye kompyuta, wote waliinama. Mbavu za Neville zilikuwa zimejipanga vizuri mwanzo hadi mwisho, na katikati yake palikuwa na duara, duara kamili kabisa, kama lililochorwa kwa bikari.

"Mama Tranter," alisema Kirsten polepole, "unacheza gofu?"

"Nacheza tufe."

"Tufe lisingeingia humu."

Gwen, ambaye muda wote alikuwa amejibanza mlangoni, sasa alisogea karibu kwa mara ya kwanza. Alivaa miwani. Akaitazama picha, akamtazama Neville, akaitazama picha tena.

"Dulcie," alisema, "kenge wangu ndiye huyu."

Hapakuwa na pa kujificha. Dulcie alieleza yote, kamba ya nguo, shuka mbili, kichaka cha uani. Gwen alisikiliza huku uso wake ukibadilika rangi.

"Nimetega mtego," alisema. "Nimemtukana yule kenge mwezi mzima, asubuhi na jioni, mpaka mama yake nimemtukana. Kumbe hana hatia masikini. Na kuku wangu walipoacha kutaga nikawanunulia dawa ya minyoo. Kumbe wamemwona nyoka."

"Nisamehe, shoga."

"Tutazungumza. Kwanza mtoe mpira wangu."

Kirsten alijitahidi asicheke, akaeleza mambo yalivyo. Angemlaza Neville kwa dawa ya usingizi, ampake mafuta kooni, kisha ajaribu kuusukuma ule mpira urudi njia uliyoingilia. Ukigoma, angempasua. "Ni mzee," alisema. "Tumbo limeshachoka, linaweza kuchanika. Siwezi kukudanganya."

"Na balbu?" aliuliza Dulcie.

"Balbu gani?"

"Ile iliyoungua. Si ndiyo iliyomfanya afunge?"

"Mama Tranter, hata ungemweka ndani ya oveni, mpira wa gofu hausagiki."

Dulcie alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu siku ile ya klabuni. Lilikuwa jambo dogo, na Neville alikuwa bado yuko mezani, lakini angalau hakumwua kwa chai.

Walikaa kwenye chumba cha kungojea, kati ya mzee mwenye mbwa aliyefungwa bandeji na ukuta wenye mabango ya kupe. Gwen alifunua sahani ya skonzi aliyokuja nayo, akampa Dulcie moja, na Dulcie akaishika tu.

"Shoga," alisema Gwen, "mimi nakujua. Mumeo alipoondoka hukulia hivi. Leo unalia kwa sababu ya bomba?"

Hapo ndipo Dulcie alipomwambia lile jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimwambia habari za Jumapili, za akiba ya habari, za picha ya Krismasi. "Akifa Neville, Garth hana cha kuniuliza," alisema. "Atapiga Jumapili ya kwanza, anipe pole. Ya pili atasahau. Simlaumu. Kijana ana maisha yake, mimi nina kitu gani cha kumsimulia?"

Gwen alitafuna kwa muda mrefu kuliko skonzi ile ilivyohitaji. Mwishoni alisema, "Kula, usije ukaanguka hapa nikawa na wagonjwa wawili," akamsukumia mkono wenye skonzi mdomoni. Kisha akamshika bega na hakuliachia.

Mlango ulifunguka. Kirsten alikuwa amekunja mikono ya koti, jasho kwenye paji la uso, na kwenye kiganja cha glavu alikuwa na kitu cha mviringo kilichokuwa cheupe zamani.

"Umetoka," alisema. "Bila kisu. Ulinisumbua kwenye shingo, lakini umetoka. Na mwenyewe anapumua."

Dulcie alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimkumbatia daktari na glavu zake na uchafu wake.

"Mtoto huyu," alisema Dulcie, "ningejua ningekupa hata mikate mitano."

"Nipe mpira wangu," alisema Gwen.

"Gwen, umekaa tumboni mwa nyoka."

"Nitauosha."

Hata hivyo Kirsten aliwaonya wasifanye sherehe mapema. Tumbo lililozibwa muda wote ule linaweza kusahau kazi yake. Neville apate joto, apate maji, asipewe chakula, na wangojee. "Akipata choo, basi amepona," alisema. "Nipigie simu siku hiyo, hata kama niko na ng'ombe."

Wakarudi nyumbani, wakangojea. Sijui kama umewahi kungojea choo cha mtu mwingine. Ni kazi inayomshusha mtu hadhi. Dulcie alichungulia sanduku la kioo alfajiri, akachungulia akitoka dukani, akachungulia huku chai ikimwagika. Gwen naye, ambaye eti hampendi, alianza kuuliza juu ya ua. "Bado?" "Bado." "Lipe maji." "Ana maji." Na mtego wa kenge ulikuwa umeondolewa, na badala yake kwenye banda kulikuwa na waya mpya wa matundu madogo, na mpira ulioshwa umerudi kiotani.

Ilikuwa Jumatano ya wiki hiyo hiyo, jua limechomoza vizuri, Neville yuko sinkini kwenye maji ya vuguvugu na Dulcie yuko kwenye ndoo yake. Neville alisimamisha mkia kidogo. Akatulia. Kisha akapata choo, na hakikuwa kidogo. Harufu yake ilifika jikoni, ikapita jikoni, ikaenda kumsalimia Gwen kwake.

Dulcie alilia akacheka, akacheka akalia, akafungua bomba la maji huku akimsifu Neville kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alimpigia Kirsten, na nyuma ya simu ng'ombe walikuwa wakilia.

"Kikoje?" aliuliza Kirsten.

"Mwanangu, ni kizuri. Kizuri sana."

Gwen alikuja ameziba pua na kona ya aproni. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, akatazama, akatikisa kichwa. "Hongera," alimwambia Neville. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu afike mtaani.

Dulcie alikuwa amemkausha na kumrudisha chini ya taa, amekaa jikoni na kikombe, mwili wote mwepesi, simu ilipoita. Aliona jina la Garth. Siku ya Jumatano.

"Mama," alisema Garth. "Wewe unaumwa?"

"Mimi?"

"Usinifiche. Picha ya Krismasi. Halafu Jumapili umenijibu mkato, hukunisimulia lolote. Nimeshamwomba msimamizi likizo. Niambie tu ni nini. Ni moyo?"

"Si mimi," alisema Dulcie, na akaona hakuna tena njia ya kuzunguka. "Ni Neville. Alimeza mpira wa gofu wa Gwen. Alikuwa anakufa, nikaogopa kukwambia, nikakutumia picha ya zamani. Lakini amepona, Garth, leo amepata choo. Nyoka wako amepona."

Upande wa pili ikasikika sauti ambayo Dulcie hakuitambua mara moja. Alidhani ni kicheko, na baadaye hakuwa na hakika kama ni kicheko chote.

"Nyoka," alisema Garth. "Mama, nimekonda huku. Nimelala macho wazi. Kumbe nyoka."

"Usimdharau. Ni wako, najua unavyompenda."

"Mama. Mimi sijawahi kumpenda huyo nyoka."

Dulcie aliweka kikombe chini.

"Nilimnunua kwa ajili ya msichana mmoja, Tamsin, alikuwa anapenda wanyama wa ajabu ajabu. Tamsin akaondoka, nyoka akabaki. Nilikuwa namwogopa. Unadhani kwa nini sikuja kumchukua?"

"Na kila Jumapili unapiga simu unamuuliza yeye."

"Kwa sababu nikikuuliza wewe hujambo, unasema sijambo mwanangu, basi, imeisha, unaniuliza kama nimekula. Nikimuuliza Neville, unaongea nusu saa. Humo ndimo najua nani kaja kukuona, umelala saa ngapi, bati limevuja wapi. Ulipoteleza bafuni mwaka juzi nilijua kwa sababu uliniambia Neville alishtuka kwa kishindo chako."

Dulcie aligeuka akamtazama Neville kupitia mlango wa sebule, amejikunja chini ya taa yake, tumbo limelegea, mnyama asiye na neno na mtu. Alifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Alikuwa na hasira kidogo, na aibu kidogo, na furaha iliyokuwa kubwa kuliko vyote viwili ikijaa kifuani bila kujua itokee wapi.

"Haya, uliza," alisema.

"Niulize nini?"

"Lile lingine."

Garth alikohoa. Ni kijana mkubwa, anaendesha lori la ukubwa wa nyumba, lakini alikohoa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama. Wewe hujambo?"

Jibu lake la siku zote lilikuwa limeshafika mdomoni, tayari, limezoea njia. Dulcie alilimeza. Akavuta kiti karibu na dirisha, akakaa, akaegemeza kiwiko mezani.

"Goti la kushoto linanitesa," alisema.

"Tangu lini?"

"Ngoja kwanza," alisema Dulcie. "Nianze mwanzo."